Mwaka wa kwanza Stardew Valley: jinsi ya kuishi na saa inayokimbia

Watu wakinikuta nimeinamia simu nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Ngamiani, Tanga, hudhani nachati. Nikiwaonyesha skrini wanauliza: sasa hapo unafanya nini? Namwagilia. Halafu? Halafu nalala, asubuhi namwagilia tena. Wengi huishia hapo, wanachukua dawa yao ya kikohozi wanaenda zao. Wachache hurudi baadaye wakiwa wameshaipakua, na malalamiko yao huwa yaleyale: siku haitoshi, nguvu zinaisha, duka nimelikuta limefungwa, nimezimia usiku na pesa zimepungua. Nawaandikia hao.

Kwa asiyeijua, Stardew Valley ni gemu ya maisha. Umerithi shamba la babu yako lililogeuka pori, unaacha kazi ya ofisini mjini, unahamia kijijini. Unalima, unafuga, unavua, unachimba mgodini, unazoeana na majirani, na ukitaka unaoa au unaolewa. Aliyeitengeneza ni Mmarekani mmoja, Eric Barone, ambaye kwa zaidi ya miaka 4 aliandika programu, akachora kila mti na kutunga muziki wote mwenyewe. Ilitoka kwenye kompyuta Februari 2016, na kwenye simu za Android ikafika 2019. Unainunua mara moja tu. Kwenye simu ni kama dola 5, kwenye kompyuta ni kama dola 15. Haina matangazo, haikuombi hela tena katikati, na baada ya kuipakua haihitaji bando. Kiswahili haina, kwa hiyo majina mengine nitayaacha kama yalivyo ili uyatambue ukiyaona.

Muziki wake ni wa kubembeleza, kijiji kimetulia, kila kitu kinakuambia pole pole. Huku juu pembeni saa inakimbia. Dakika 10 za kule ni kama sekunde 7 za kwetu. Siku nzima, kuanzia saa 12 asubuhi unapoamka hadi saa 8 usiku unapoanguka kwa uchovu, ni kama dakika 14 tu. Msimu una siku 28, mwaka una misimu minne: machipuo, kiangazi, majani kupukutika na baridi. Hapo ndipo utamu ulipo na hapo ndipo kero zote zinapozaliwa. Pesa kule si tatizo, zitakuja. Kinachokosekana ni saa, na nguvu za mwili. Karibu kila nitakachokuelekeza ni njia ya kununua saa.

Kabla ya yote, jua kwamba ukifungua menyu saa inasimama. Mimi hapa kaunta siwezi kucheza bila hilo. Mzee anaingia, naweka menyu, "Shikamoo mzee, karibu," namhudumia, narudi nikiwa bado sekunde ileile. Ukiwa mgodini umezungukwa na wadudu, fungua menyu ufikirie. Ukiwa unapanga masanduku, saa haiendi. Tumia uhuru huo bila aibu. Na kumbuka kwamba gemu inahifadhi maendeleo yako pale unapolala kitandani. Kwenye simu kuna hifadhi ya dharura ukitoka ghafla, lakini hapa kwetu ambapo chaji hukatika bila taarifa, mimi huilaza siku kwanza ndipo naiweka simu chini.

Siku ya kwanza unaamka na sarafu 500, vifaa vitano (jembe, shoka, sururu, fyekeo na keni ya kumwagilia) na mbegu 15 za parsnip, mzizi mweupe wa jamii ya karoti, zawadi kutoka kwa Meya Lewis. Usianze kusafisha shamba lote. Hilo shamba ni pori, na wewe una nguvu 270 tu. Kila pigo la jembe linakula 2, kila mmwagio wa keni 2. Safisha pa kutosha mbegu 15, panda, mwagilia, halafu kata miti mpaka upate mbao 50 utengeneze sanduku. Mfuko wako una nafasi 12 tu, na vifaa vimeshachukua tano. Bila sanduku utatupa vitu njiani ukivihitaji kesho yake. Mbegu zikiwa 15 hata kunguru hawaji. Wanaanza kukusumbua mimea ikifika 16, na ufundi wa kutengeneza sanamu la kuwatisha unaupata ukifika ngazi ya 1 ya kilimo, yaani mara tu baada ya kuvuna hao parsnip.

Siku ya 2 nenda pwani, Willy mvuvi atakupa mshipi bure. Siku ya 3 mvua hunyesha kila mara mwaka wa kwanza, na ni Jumatano. Shika hiyo Jumatano. Pierre, mwenye duka la mbegu, hafungui Jumatano.

Nani afunge biashara katikati ya wiki? Lakini ndivyo kilivyo kijiji hicho, na ukitaka kuishi nacho lazima ujue ratiba za watu. Pierre anafungua saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumatano hapana. Robin, fundi seremala anayejenga mabanda, ni karibu saa hizohizo, Jumanne hapana. Clint mhunzi saa 3 hadi saa 10 jioni. Marnie, anayeuza kuku na ng'ombe, Jumatatu na Jumanne hauzi, na hata siku za kazi unaweza kufika ukamkuta yupo nyumbani kwake mwenyewe, hatua chache kutoka kaunta, na bado huwezi kununua hata fungu la nyasi, kwa sababu hajasimama mahali pake. Mimi ninayeshinda nyuma ya kaunta tangu asubuhi nasema huyu mama angekuwa na bosi angeshafukuzwa. Dawa yake ni moja: nenda kwake Alhamisi hadi Jumapili asubuhi, na nunua nyasi nyingi kwa mkupuo.

Sasa tuje kwenye kupanda, maana hapa ndipo watu wanapopiga hesabu ya bei ya mbegu na bei ya kuuza tu, wakasahau mikono yao. Kila mmea usiovunwa unataka maji kila siku. Kwa hiyo mimi huhesabu faida kwa kila mmwagio. Parsnip mbegu 20, unauza 35, siku 4: faida 15 kwa mimwagio minne, haifiki hata 4 kwa mmwagio. Sukuma wiki mbegu 70, unauza 110, siku 6: karibu 7 kwa mmwagio. Koliflawa mbegu 80, unauza 175, siku 12: karibu 8. Ukiwa na mimea 60 ya parsnip au mimea 60 ya koliflawa, asubuhi yako inaliwa sawasawa, keni inajazwa mara mbili kwa sababu inachukua mimwagio 40 tu, nguvu 120 zinaondoka, lakini mmoja anakulipa mara mbili ya mwenzake.

Hata hivyo usipande koliflawa tupu mwanzoni. Siku 12 ni nyingi kwa mtu mwenye sarafu 500, utakaa bila kitu. Anza na parsnip wa bure, weka sukuma wiki na viazi vizungushe pesa, na koliflawa chache pembeni.

Hesabu yote hiyo inalenga tarehe 13. Siku hiyo kuna sikukuu ya mayai uwanjani, unaingia kati ya saa 3 asubuhi na saa 8 mchana, na pale Pierre anauza mbegu za stroberi kwa 100. Usipitwe nayo. Stroberi iliyopandwa usiku uleule wa tarehe 13 inavunwa tarehe 21 na tena tarehe 25, kila tunda 120. Faida 140 kwa mimwagio 12, hakuna kitu kingine cha msimu huo kinachokaribia hapo. Ila kuna mtego: vitu unavyoweka kwenye sanduku la mauzo shambani vinalipwa asubuhi ya pili yake. Ukivuna tarehe 13 asubuhi ukaweka sandukuni, hiyo pesa utaiona tarehe 14, sikukuu imekwisha. Kwa hiyo tarehe 12 jioni kila cha kuuzwa kiwe kimeshaingia sandukuni. Samaki ukimpelekea Willy dukani kwake analipa papo hapo, ndiyo maana siku za kabla ya sikukuu mimi huwa pwani.

Sikukuu ikiisha unarudishwa nyumbani saa 4 usiku. Una saa nne za kuchimba, kupanda na kumwagilia kabla ya saa 8, ambazo kwetu hazifiki dakika 3. Andaa matuta kabla hujaenda. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 vichaka vya kijijini vinazaa salmonberry, matunda madogo ya porini; pita ukivitikisa, jaza sanduku, hizo ndizo chakula chako cha kurudisha nguvu mpaka kiangazi.

Kuhusu uvuvi nitakuwa mfupi kwa sababu unanikera. Samaki akinasa, inatokea mstari wenye kipande cha kijani, nawe unatakiwa kukipandisha na kukishusha kimfuate samaki anayeruka kama mwenda wazimu. Mwanzoni hicho kipande ni kidogo mno. Gemu ya kupumzisha akili inakutoa jasho la kidole. Mdogo wangu hutumia laptopu yake kuukuu na kwake ni rahisi zaidi. Kwenye kioo kidogo cha simu ni mateso. Nunua mshipi wa mafunzo kwa Willy, sarafu 25 tu. Utakupa kipande kikubwa, ingawa utavua samaki wa kawaida peke yao. Ngazi zikipanda, kipande kinaongezeka, na siku moja utashangaa unavua bila kufikiri.

Mgodi unafunguka tarehe 5, kaskazini mwa kijiji. Una ghorofa 120 kwenda chini, na kila baada ya ghorofa 5 kuna lifti, kwa hiyo usitoke mpaka umefika kwenye namba inayogawanyika kwa tano, la sivyo kesho utaanza upya. Shaba ipo ghorofa za juu, chuma kuanzia 40 na kuendelea, dhahabu kuanzia 80. Ukipata mawe ya shaba, asubuhi yake Clint atakuja mwenyewe kukufundisha kujenga tanuri. Mawe 5 na kaa moja hutoa mche mmoja, yaani kipande cha shaba iliyoyeyushwa.

Miche mitano ya kwanza ya shaba ina kazi moja, nayo ni keni. Watu wengi huanza na shoka au sururu kwa sababu wanaona miti na mawe yanawakera. Lakini mti unaukata leo na kesho hauko. Maji unamwagilia kila siku ya Mungu. Keni ya shaba inamwagilia mstari wa mimea mitatu kwa mkupuo. Tatizo ni kwamba Clint anakaa na kifaa chako siku 2, analipwa sarafu 2,000, na siku hizo huna keni, mimea inalala kiu.

Hapa ndipo televisheni inapokuwa kifaa cha kilimo. Kila asubuhi kabla hujatoka, washa, tazama utabiri wa hali ya hewa. Inakuambia ya kesho tu. Siku ikisema kesho mvua, fanya hivi: mwagilia mimea yote leo, kisha kabla ya saa 10 jioni mpelekee Clint keni na miche yako mitano. Kesho mvua inamwagilia badala yako, wewe unashinda mgodini bila wasiwasi. Keshokutwa saa 3 asubuhi uko mlangoni kwa Clint, unachukua keni mpya, unarudi kumwagilia. Mimea haikukosa hata siku moja. Mara ya kwanza mpango huo unapokaa sawa unajisikia umeipiga bao serikali.

Kuhusu saa 8 usiku: kwenye skrini utaona imeandikwa 2:00 am, na hapo unaanguka popote ulipo. Ukiangukia nje ya nyumba unapoteza asilimia 10 ya pesa ulizonazo, isizidi 1,000, na kesho unaamka na nguvu pungufu. Hiyo si adhabu kubwa kama watu wanavyolia. Ukiwa na sarafu 300 mfukoni na mgodi umekunogea, unapoteza 30. Kinachouma ni kufa mgodini, maana unapoteza na baadhi ya vitu ulivyobeba. Kwa hiyo mimi sihofii saa 8, nahofia maisha kupungua nikiwa ghorofa ya 60 na sina chakula.

Kiangazi panda buluberi. Mbegu 80, inachukua siku 13, halafu inazaa kila siku 4, matunda matatu kila safari. Ukipanda tarehe 1 unavuna mara 4, matunda 12, kila moja 50. Msimu wa majani kupukutika panda kranberi tarehe 1: mbegu ni ghali, 240, ila zinavunwa mara 5, matunda 2 kila mara, 75 kila moja. Sababu yangu ya kuzipenda ni kwamba hupandi upya, na shamba usilolilima mara ya pili limekupa asubuhi kadhaa. Kumbuka tu msimu ukibadilika kila kisichokuwa cha msimu mpya kinakufa usiku uleule. Usipande maboga ya siku 13 tarehe 20. Kuna mtu alikuja kaunta kunilalamikia hilo kana kwamba mimi ndiye niliyemuuzia mbegu.

Ukifika ngazi ya 4 ya kilimo unapata mtungi wa jemu. Tunda linaloingia linatoka na bei yake mara mbili jumlisha 50, kwa hiyo buluberi ya 50 inatoka ikiwa 150. Tengeneza mingi. Ngazi ya 6 inakuja na kinyunyizio kizuri, kinachomwagilia miraba 8 kukizunguka kila asubuhi bila wewe. Kinataka mche wa chuma, wa dhahabu, na kwatzi iliyosafishwa tanurini. Kile cha ngazi ya 2 kinachomwagilia miraba 4 usijisumbue nacho sana. Hicho cha 6 ndicho kitakachokukomboa, na ndiyo sababu ya kwenda mgodini mpaka dhahabu kabla kiangazi hakijaisha. Kila unachokiweka ardhini kinakurudishia muda ambao ulikuwa unautumia na keni mkononi.

Na muda huo unaupeleka wapi? Kwa watu. Hapa ndipo mimi nilipokwama nikashindwa kuiacha.

Kila mtu kijijini ana siku ya kuzaliwa, anachokipenda na asichotaka kukiona. Zawadi ni mbili kwa wiki kwa kila mtu, ukiongeza na ya siku ya kuzaliwa. Haley anapenda nazi na alizeti. Abigail anapenda maboga na amethisti, mawe ya zambarau utakayoyapata mgodini. Shane, mnywaji wa baa, mwenye maneno ya kukata, atakuambia hakujui na hana sababu ya kuzungumza nawe, mpe pilipili. Endelea kumpa. Baada ya muda utaona anachokificha nyuma ya ule ukali, na sitakuambia. Linus anaishi kwenye hema karibu na mgodi, wengine wanamkwepa. Mpelekee viazi vikuu, au hata matunda ya porini uliyookota njiani, na siku moja utakuta barua yake sandukuni, amekuandikia namna ya kuandaa samaki mbichi kwa staili ya Kijapani. Mtu asiye na kitu ndiye anayekutumia mapishi. Ukichakura mapipa ya taka mbele ya watu urafiki unashuka, isipokuwa Linus, yeye hakuhukumu.

Onyo moja kwa watu wa simu: ukiwa umeshika kitu mkononi ukamgusa mtu, umempa. Kabla ya kuongea na mtu, shika kifaa kama fyekeo, hicho hakitolewi zawadi.

Tarehe 24 ya msimu wa kwanza kuna ngoma ya maua. Wote wanacheza wawili wawili, na ili mtu akubali kucheza nawe lazima muwe na mioyo 4, alama za urafiki zinazopanda kadiri mnavyozoeana. Mwaka wa kwanza karibu kila mtu hukataliwa hadharani, mbele ya meya na wazee. Nenda tu. Mdogo wangu alikataliwa na wote akazima laptopu kwa hasira, kesho yake akaamka anapeleka zawadi kama mchumba wa kweli. Ukitaka ndoa, mioyo ikifika 8 unampa shada la maua la sarafu 200, ikifika 10 unamtafuta baharia mzee pwani siku ya mvua, anakuuzia kidani kwa 5,000. Kabla ya hapo uwe umetengeneza daraja la pwani kwa mbao 300 na umempa Robin 10,000 na mbao 450 aikuze nyumba. Mwenzio akihamia, asubuhi nyingine utakuta ameshakumwagilia. Hata mapenzi kule yanakurudishia saa.

Mifugo yenyewe ni rahisi ukijenga ghala la nyasi kabla ya banda. Ukifyeka majani bila ghala yanapotea bure. Mama yangu alinikuta siku moja nawapapasa kuku mmoja mmoja, akavuta kiti.

"Hao wanataga?"

"Wanataga mama. Kila siku yai moja moja."

"Unawalisha nini?"

"Majani tu."

"Majani tu na wanataga kila siku." Akarudisha kiti. "Hiyo nayo uongo."

Kuhusu jumba bovu la jamii lililopo juu ya uwanja: ndani yake kuna vyumba 6, kila kimoja kinataka mafungu ya vitu au pesa, na kila chumba kikikamilika unapata zawadi kubwa. Cha muhimu kwako ni chumba cha chakula, kwa sababu zawadi yake ni kitalu nyumba, ambamo chochote kinaota msimu wowote. Kwa hiyo sheria ya mwaka wa kwanza ni hii: usiuze vyote. Weka moja la kila zao sandukuni. Machipuo weka parsnip, maharage mabichi, koliflawa na kiazi. Kiangazi nyanya, pilipili, buluberi na tikiti. Msimu wa majani kupukutika mahindi, biringanya, boga na kiazi kikuu. Pia weka vitano vitano vya nyota ya dhahabu, yaani parsnip, tikiti, maboga au mahindi, vinatakiwa aina tatu. Mafungu mawili ya mwisho ni la mazao ya mifugo na la vitu vya kusindika, jemu yako itaingia hapo.

Kuna kampuni ya Joja inayokuuzia njia ya mkato, uanachama wa 5,000, kisha unalipia kila kitu kwa pesa. Inaokoa muda kweli. Mimi siipendi, lakini sitamzomea mtu mwenye watoto watatu na nusu saa ya kupumzika kwa siku.

Kinachokera katika jumba hilo ni kabichi nyekundu. Fungu moja la rangi linaitaka, na Pierre haiuzi mpaka mwaka wa 2. Tumaini lako kubwa ni mama wa mkokoteni anayekuja Ijumaa na Jumapili msituni kusini mwa shamba, bidhaa zake hubadilika kila safari. Mpitie kila anapokuja. Usipoikuta, acha, kitalu nyumba hakiitegemei.

Majira ya baridi nje karibu hakuna kinachoota, na wapo wanaouchukia msimu huo. Mimi ndiyo nausubiri. Huamki na keni mkononi, kwa mara ya kwanza siku nzima ni yako. Maliza mgodi, tembelea watu, vua, jaza mitungi kwa matunda uliyoyaweka. Ndio msimu wa kumpelekea Clint kila kifaa kwa zamu, maana hakuna mmea unaosubiri maji. Anza na keni, hadi chuma, hadi dhahabu kama una pesa. Mbegu za machipuo Pierre haziuzi wakati wa baridi, kwa hiyo ziwekee akiba tangu machipuo yenyewe, kwa sababu tarehe 1 ya machipuo ni Jumatatu na utataka kuwa shambani alfajiri, wala si kusimama mlangoni kwa Pierre hadi saa 3. Na ikifika tarehe 27 ya baridi, kifaa kikiwa bado kwa mhunzi, hakikisha si keni.